Baiskeli za milimani Tanga: njia tatu nilizopita, na ile "rahisi" iliyonitoa jasho

Nimekulia Ngamiani, ambako mtoto hujua baiskeli kabla hajajua kusoma saa. Kwa hiyo kulipa shilingi 35,000 kwa siku ili niendeshe baiskeli mjini kwetu kulinitia haya kidogo, na kaka yangu alicheka mpaka akakohoa. Lakini hizi si Phoenix zetu. Ni baiskeli za milimani: tairi pana zenye meno, shokapu mbele, breki za diski, gia tele, na unapewa kofia ngumu, maji na kijana wa kukuongoza. Kampuni yenyewe siitaji. Nawapa nyota tatu kati ya tano, na hizo mbili zilipodondokea nitaeleza.

Wana njia tatu: rahisi, ya kati na ngumu. Tulizipita zote mwezi wa saba, Jumamosi tatu mfululizo. Tulikuwa mimi, mwenye miaka 46 na baiskeli ya kwendea sokoni. Wifi yangu, ambaye mara ya mwisho kukalia baiskeli alikuwa darasa la saba. Na mwanawe wa miaka 17, asiyejua kuchoka. Viwango vitatu katika familia moja. Ndiyo maana nimeona niandike, kwa sababu ukiyaamini majina ya hizo njia utachagua vibaya. Wamepima ugumu kwa mlima. Pwani hakuna mlima, basi wakaandika rahisi.

Hiyo rahisi inakwenda Tongoni, kusini ya mji, kama kilometa 20 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Ni bapa kama chapati. Wifi alifurahi sana alipoambiwa. Hakuambiwa kwamba mwezi wa saba upepo wa kusi ndio wakati wake, na ukielekea Tongoni mnatazamana nao uso kwa uso. Wala hakuambiwa habari ya mchanga. Tulipangiwa kuondoka saa kumi na mbili na nusu, baiskeli zikaletwa saa tatu kasoro. Kufika saa nne upepo umeshaamka, na kiongozi wetu, kwa nia njema ya kutukwepesha malori, akatuchepusha kwenye njia za ndani ya minazi.

Aliyewahi kuendesha kwenye mchanga mlaini anajua. Gurudumu la mbele linazama, usukani unakugeuka, unakanyaga pedeli na huendi popote. Wifi alianguka mara mbili, polepole, kama gunia linaloteremshwa garini. Mara ya pili hakuinuka haraka. Alikaa palepale akaomba maji.

Hapo akatupita mzee mmoja juu ya Phoenix kuukuu, kandambili miguuni, gunia la nazi kwenye karia. Hakuwa katikati ya njia kama sisi. Alikuwa ukingoni kabisa, pale majani yalipoushika mchanga. Tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mwenda wapi?"

"Tongoni, mzee."

"Kuna msiba?"

"Hapana, twatembea tu."

Akazitazama kofia zetu. Akashuka, akaegemeza baiskeli yake kwenye mnazi, akaja kulibonyeza tairi la wifi kwa kidole gumba. "Limejaa kama ngoma iliyowambwa hili. Punguza upepo, mwanangu. Tairi liulalie mchanga, lisiuchimbe." Akaokota kijiti, akabonyeza vali, tukasikia upepo unatoka. Alipoliacha, ukilikandamiza kwa kiganja linabonyea kidogo. Akafanya na la nyuma, kisha akamwonyesha wifi ukingo wa kupita, akatuaga. Wifi hakuanguka tena mpaka tunafika.

Kiongozi alisimama pembeni kimya, na namhurumia, ni kijana mzuri. Lakini kujua tairi liwe na upepo kiasi gani kwenye mchanga ndiyo kazi anayolipwa. Nyota ya kwanza ilidondoka pale chini ya minazi.

Tongoni penyewe panalipa taabu. Kuna magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi ya nguzo, mengine yameegemea kama wazee barazani. Maji hapa yana mafungu, yaani sehemu za kina kifupi zinazonasa meli, na ndiko Vasco da Gama, akirudi kutoka India mwaka 1499, alikoichoma meli yake mwenyewe, São Rafael, maana mabaharia walikuwa wamekufa wengi na waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Kiongozi alitusimulia vizuri. Wifi, aliyekuwa amejinyoosha kivulini, akasema hata sisi tuichome moja, yeye atapanda kwenye karia. Kurudi, upepo ulitusukuma mgongoni, nikafika nyumbani kana kwamba sikukanyaga pedeli.

Sasa ile ya kati. Hii ndiyo ningempeleka mtu anayeanza, na sijui kwa nini imewekwa ya pili. Baiskeli zinapakiwa kwenye pikapu mpaka Muheza, kama kilometa 35 za lami, halafu mnaingia mashambani. Nchi ya Wabondei ni vilima vidogo vidogo visivyokwisha: unapanda dakika tatu, unateremka dakika moja, unapata mihogo, unapata minazi, unapata machungwa, unapanda tena. Ardhi ni nyekundu, imeshindiliwa, tairi linaita juu yake. Mwanzoni mwanangu yule alinikaripia kwa adabu: "Shangazi, shusha gia kabla ya mlima, si ukiwa katikati." Maana mimi nilikuwa nasubiri miguu igome ndipo nibadilishe, na mnyororo ukilia kama unavunja mifupa. Ukishalijua hilo, nusu ya vilima vya Muheza vinakuwa rafiki zako. Kwa wifi kiongozi alikuwa na busara: kilima kikali, shuka, sukuma, hakuna aibu.

Barabara za mashamba ya mkonge ndizo tamu kupita zote. Zimenyooka, matrekta yamezishindilia miaka na miaka, na kulia na kushoto ni mistari ya mkonge mpaka macho yanachoka. Kiongozi alitueleza kwamba mmea huu si wa kwetu. Uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, na kati ya miche 1,000 iliyoagizwa Florida ilifika hai 62 tu. Tulikuwa tunasikiliza hadithi hiyo wakati khanga ya wifi ilipoingia kwenye mnyororo.

Alikuwa amevaa suruali, na juu yake akafunga khanga kiunoni, kwani kupita kijijini na suruali tupu hakuweza. Nilimwelewa, na mimi nilikuwa na dera fupi juu ya yangu. Pindo likameza mnyororo, au mnyororo ukameza pindo, baiskeli ikasimama ghafla naye akabaki amefungwa nayo kama mbuzi. Mkata mkonge mmoja akaja na kisu chake, akaikata khanga taratibu akizungusha pedeli kinyumenyume. Jina la khanga lilikuwa "Mwenda pole hajikwai". Ikabaki "Mwenda pole". Dada zangu, vaeni dera fupi au gauni lisilofika magotini juu ya suruali, na mguu wa kulia wa suruali ufungeni kwa kamba. Kampuni ingeweza kulisema hilo siku ya kulipia, maana hatukuwa wanawake wa kwanza kuja.

Mchana tulinunua machungwa barabarani. Ganda la kijani, usilidharau, ndani ni asali.

Ngumu ni ngumu kweli, hapo hawakudanganya. Mnaanzia Sigi, chini ya milima ya Usambara, ilipo nyumba ya stesheni ya reli ya zamani ya Wajerumani, mnalipa kiingilio cha hifadhi, halafu ni kupanda mpaka Amani. Kilometa hazifiki kumi, lakini mnapanda karibu mita 500 ndani ya msitu, kona baada ya kona, mbega wakiwachungulia juu ya miti. Wifi alipanda pikapu. Mimi niliendesha theluthi, nikasukuma theluthi, na theluthi iliyobaki sijui niliimalizaje. Mwanangu alifika mapema, akaniteremkia kunipa moyo, jambo lililoniudhi kuliko mlima wenyewe. Huko juu ni baridi, ukungu na chai, na miti kutoka kila pembe ya dunia ambayo Wajerumani walianza kuipanda mwaka 1902 kwa majaribio. Beba sweta. Na beba nguo ya kubadilisha, kwa sababu Amani mvua haina msimu. Tuliacha jua Muheza tukaikuta mvua juu.

Mvua ile ndiyo iliyonionyesha breki. Wakati wa kupanda huitambui, kwani nani anafunga breki mlimani? Kuteremka, udongo mwekundu umelowa na unateleza kama sabuni, nikabana breki ya nyuma na kishikio kikaja mpaka kikagusa usukani. Baiskeli haikupunguza mwendo. Nikabana ya mbele kidogo kidogo, kwa woga, maana ukiibana yote kwenye utelezi inakumwaga. Nikateremsha miguu yote miwili, viatu vikiburura tope, mpaka nikaegemea ukingo wa ndani wa barabara penye majani. Kiongozi alipoikagua, pedi zilikuwa zimelika, limebaki bati tupu. Akakaza waya kwa bisibisi, ikashika kidogo. Nikamaliza mteremko wote kwa miguu, nikiivuta kama punda aliyegoma. Ile ni nyota ya pili.

Nilipowaeleza ofisini waliomba radhi, wakanirudishia nusu ya pesa ya siku ile, na wakaahidi pedi mpya. Wiki mbili baadaye wifi mwenyewe ndiye aliyetaka turudi Muheza, ana khanga mpya na ameikunja mkobani. Nikaikuta baiskeli yangu ileile imeegemezwa ukutani, imeoshwa, inang'aa. Nikabana breki ya nyuma. Kishikio kikagusa usukani. Nikachukua ya pembeni yake, nikazibana zake zote mbili mara tatu, nikalipunguza upepo kidogo tairi la mbele, tukaondoka.