ZED-F9P juu ya mabati ya maabara yetu, Arua

Ninafundisha fizikia katika shule ya bweni hapa Arua. Kifaa ninachokipa nyota nne kati ya tano ni kibao cha kupokea satelaiti kiitwacho ZED-F9P, cha kampuni ya u-blox ya Uswisi. Wengi wanaokinunua ni wapima ardhi na wenye ndege zisizo na rubani, maana kikipata masahihisho kinafikia usahihi wa sentimita. Mimi nilikitaka kwa kazi nyingine: kuhesabu elektroni zilizoko angani kati yetu na satelaiti, hasa katika tabaka la juu liitwalo ionosfia. Kwa kazi hiyo sijaona kingine ambacho shule ya kawaida ya Uganda inaweza kukimudu. Pamoja na antena, kebo na ushuru, kilitugharimu karibu shilingi milioni moja na nusu.

Ili ujue kwa nini bei hiyo naiona ndogo, tazama njia nyingine zilizopo. Ipo ionosondi, ambayo hurusha mawimbi ya redio wima, ikipandisha masafa (yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde) kidogo kidogo huku ikisikiliza mwangwi. Gregory Breit na Merle Tuve waliianzisha njia hiyo Marekani mwaka 1925. Tabaka lenye elektroni trilioni moja kwa kila mita ya ujazo hurudisha mawimbi mpaka kama megahezi 9. Ukizidisha hapo, yanapenya yasirudi. Ndiyo maana ionosondi iliyoko ardhini haioni kilichoko juu ya kilele cha tabaka.

Rada kubwa huona hata huko juu. Mwaka 1958 William Gordon alionyesha kwamba rada yenye nguvu za kutosha inaweza kunasa mawimbi yanayotawanywa na elektroni zenyewe, hafifu kupita kiasi. Ile ya Jicamarca, karibu na Lima nchini Peru, ina antena ya mita 300 kwa 300 yenye dipole (antena ndogo za fimbo) 18,432. Wanafunzi wangu walipiga hesabu wakapata zaidi ya viwanja kumi na viwili vya mpira. Afrika haina rada ya aina hiyo, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu anga letu la ikweta ndilo lenye vituko vingi.

ZED-F9P haina haja ya kurusha chochote. Satelaiti ya GPS inatuma mawimbi kwa masafa mawili, megahezi 1575.42 na 1227.60. Yanatoka pamoja, lakini ionosfia huyachelewesha zaidi yale ya masafa ya chini. Pima tofauti ya kuchelewa, na umepata jumla ya elektroni zote njiani. Kipimo chake huitwa TEC, na uniti moja ni elektroni 10 kwa kipeo cha 16 katika kila mita ya mraba. Kila uniti hukosesha umbali unaopimwa kwa masafa ya kwanza kwa sentimita 16 hivi. Alasiri moja ya Machi tulipata zaidi ya uniti 60, yaani karibu mita kumi. Mpima ardhi mwenye kipokezi cha masafa mamoja afikirie hilo kabla ya kuchimbia jiwe la mpaka wa shamba la mtu, kwani masahihisho ambayo GPS yenyewe huyatangaza huondoa kama nusu tu ya kosa.

Kukifunga hakukutusumbua. Antena yake ina sumaku, ikashika kwenye mabati, na bati hilo linasaidia kuzuia mawimbi yanayodunda kutoka chini. Kebo aliyotuletea muuzaji ilikuwa fupi, tukanunua nyingine Kampala, ikaja kwa basi. Umeme unakatika, basi tumekiunganisha na betri ya sola. Data ghafi tunaigeuza kwa RTKLIB, programu ya bure ya Tomoji Takasu, na hesabu ya TEC wanafunzi wa S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, waliiandika wenyewe kwenye Excel.

Lakini utamu wa kifaa hiki ni usiku. Jua likishazama, sehemu ya chini ya ionosfia hupungukiwa elektroni upesi, na viputo vyenye elektroni chache hupanda kupitia tabaka zito lililoko juu yake, kama mapovu kwenye uji mzito. Hapa kwetu msimu wake mkubwa ni karibu na Machi na Septemba, kuanzia kama saa mbili usiku. Wanafunzi waliomba ruhusa ya kubaki maabara baada ya chakula cha jioni. Mstari wa nguvu za mawimbi ya satelaiti moja upande wa magharibi ukaanza kutetemeka, ukaanguka, masafa ya pili yakakatika kabisa. Baadaye ikafuata satelaiti iliyo juu yetu. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, kinakuja huku?" Ndiyo, usiku viputo husafiri kuelekea mashariki. Alikigundua kwa macho yake kabla sijafundisha.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu hizi. Kwenye masafa ya pili kinasoma L2C tu, aina mpya ya mawimbi ambayo satelaiti za zamani za GPS hazitumi, ingawa zile za Galileo, mfumo wa Ulaya, hujaza pengo. Kila kipokezi pia kina tofauti yake ya ndani kati ya masafa mawili, na usipoiondoa, TEC yako yote inakaa juu au chini ya ukweli. Hapo ndipo mwalimu ataumia kichwa. Na TEC ni jumla: haikuambii elektroni ziko kilomita 150 au 350. Anayetaka hilo bado anahitaji ionosondi au rada.

Data za MBAR, kituo cha kupokea satelaiti kilichoko Mbarara, ni za wazi, nasi tunazitumia kulinganisha. Arua, ingawa kwenye ramani iko kaskazini mwa ikweta, kwa sumaku iko kusini, kwani ikweta ya sumaku, yaani mstari ambako sumaku ya dunia imelala sambamba na ardhi, inapita Ethiopia. Ningependa sana kupata shule ya Moroto au Gulu yenye kipokezi kama hiki. Septemba ijayo tungeviwasha usiku uleule, tuone kiputo kimoja kinatumia dakika ngapi kutoka kwetu hadi kwao.