Uzoefu wangu Cyclades: visiwa safi, kifurushi hovyo

Nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za visiwa vyenyewe. Aliyeniuzia kifurushi cha safari simpi hata moja.

Nililipia Naxos na Sifnos, visiwa viwili vya Cyclades huko Ugiriki: feri kutoka Piraeus, bandari ya Athens, chumba, na chakula cha jioni hotelini. Feri sina neno nayo. Ile kubwa ya kawaida hufika Naxos kwa mwendo wa saa tano na ushei, na ukikaa sitahani unaviona visiwa vikipita, vikavu, vya kahawia, nyumba nyeupe zimesongamana mlimani. Mwenye kichefuchefu aziepuke zile za kasi, hasa Julai na Agosti unapovuma meltemi. Huo ni upepo wa kaskazini, na ukikaza vyombo vinazuiwa kung'oa nanga. Usipange ndege yako siku ileile ya kurudi Athens.

Shida ilianzia mezani. Naxos ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Cyclades, tena ni cha wakulima na wafugaji: viazi vyake vinajulikana Ugiriki nzima, na jibini yake ya graviera, inayotokana zaidi na maziwa ya ng'ombe, jina lake linalindwa na sheria ya Ulaya. Hoteli ikatuletea chipsi za kugandishwa, za mfuko. Naxos! Tukaacha chakula tulichokwisha kulipia, tukaingia mgahawa wa nyuma ya bandari. Chipsi zikaja zimekatwa kwa mkono, hakuna mbili zinazofanana, zimekaangwa kwa mafuta ya zeituni, na graviera imekunwa juu inaanza kuyeyuka pembeni. Pweza wa kuchoma naye hakuniangusha, ila kwa bei ile angeweza kuwa mkubwa zaidi.

Lango la marumaru la hekalu la Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale, lililoanzwa karne ya 6 KK na halikumalizika, liko hatua chache kutoka gatini na hulipii kitu. Mlima Zas, wa mita 1,000 na kidogo, upande asubuhi na mapema. Kivuli ni haba, na mbuzi ndio wenye njia.

Sifnos ndiko ningerudi kesho. Ni kisiwa cha wafinyanzi, na mapishi yao yanaanzia kwenye chungu. Revithada ni dengu, vitunguu, mafuta ya zeituni na maji, basi. Chungu huingia kwenye tanuri la kuni Jumamosi jioni, kikalala humo, kikaliwa Jumapili baada ya kanisa. Ukifunua, juu dengu zimepiga wekundu, chini zimelainika na mchuzi umekuwa mzito wenyewe bila unga wowote. Kamulia limau, chovya mkate. Kwa sisi tusiokula nguruwe hiki ni chakula cha kuagiza bila kuhojiana na mhudumu. Mastelo, nyama ya kondoo au mbuzi ya chunguni, inanukia vizuri mno lakini hupikwa na mvinyo mwekundu, kwa hiyo uliza kwanza.

Niliomba nirudishiwe pesa ya vile vyakula vya hotelini. Jibu likawa kwamba kifurushi hakigawanyiki. Basi nunua tiketi ya feri na chumba tu, na Sifnos ufike kabla ya Jumapili.