A Most Wanted Man (2014): muvi ya ujasusi ya wenye subira

Kama unatafuta muvi ya majasusi wanaorushiana risasi na kukimbizana na magari basi hii sio, nasema mapema mtu asije akaiweka usiku wa manane akasinzia katikati alafu akaenda kuwaambia watu ni mbovu. Ni saa mbili za watu wanaosubiri. Wanakaa kwenye magari, wanavuta sigara, wanasikiliza wengine kupitia vinasa sauti, wanabishana vikaoni, na mi kwa upande wangu ndio muvi iliyonifanya nielewe kazi ya kupambana na ugaidi inafanywaje hasa.

Mambo yote yako Hamburg, Ujerumani, na mji haukuchaguliwa hivi hivi tu. Hamburg ndiko Mohamed Atta, kiongozi wa walioteka ndege, na wenzake walikoishi kabla ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kule Marekani, walikaa pale miaka na hakuna aliyewazuia, kwahiyo kila mkubwa wa usalama kwenye hii muvi ana hofu moja tu, lisitokee tena kwenye zamu yangu. Alafu anaibuka majini bandarini kijana mmoja anaitwa Issa Karpov, nusu Mchechnya (watu wa Chechnya, jimbo la Waislamu ndani ya Urusi) nusu Mrusi, ana makovu ya mateso mgongoni, haongei sana, anaswali, na kuna mamilioni yanamsubiri benki aliyoyaacha baba yake, hela chafu ambazo yeye mwenyewe hazitaki. Polisi wangemkamata siku hiyo hiyo. Lakini steringi wetu Günther Bachmann, anayeongoza kikosi kidogo cha siri, anasema muacheni kwanza.

Hapo ndipo muvi inaponoga. Bachmann hamtaki Issa, anamtaka mtu anayeheshimika kabisa mjini, msomi anaitwa Dk. Abdullah, anachangisha misaada kwa Waislamu wenye shida na karibu hela yote inafika inapotakiwa, ila kuna kiasi kidogo kinapotelea kwenye kampuni moja ya meli na Bachmann anaamini kinaishia kwa magaidi. Mpango wake ni kutumia dagaa kumvuta papa, Issa atoe hela, Abdullah azipokee, akishanaswa asifungwe ila abanwe mpaka akubali kufanya kazi na wao, ndio wafike kwa wakubwa zaidi. Ili ufanye hivyo inabidi umpate mwanasheria wa kijana (Rachel McAdams), umpate mwenye benki (Willem Dafoe), na kila mmoja anasogezwa polepole, wengine kwa vitisho, wengine kwa maneno laini. Kuna mtoa habari wake mmoja kijana, sitasema ni mtoto wa nani, analia anataka kuacha na Bachmann anamkumbatia kama baba huku bado anamtumia. Ile sini iliniumiza sana kwa sababu mapenzi ni ya kweli na kutumiwa nako ni kwa kweli.

Philip Seymour Hoffman ndiye Bachmann na sijui niseme nini, kitambi, anapumua kwa shida, sigara na wiski, uso wa mtu aliyewahi kusalitiwa. Kweli alisalitiwa, mtandao wake wa watoa habari kule Beirut, Lebanon, uliharibiwa na watu wake wakafa, na anajua Wamarekani walihusika. Hoffman alifariki Februari 2014, wiki chache tu baada ya hii muvi kuonyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Sundance, kwahiyo ule uchovu ukiutazama leo unauma zaidi. Nina Hoss anayecheza msaidizi wake anaongea kidogo ila mtazame macho.

Kasoro ipo. Wajerumani wote wanaongea Kiingereza chenye lafudhi ya Kijerumani na McAdams hasa lafudhi inamponyoka kila mara, mi ningependa waongee Kijerumani chao tusome maandishi chini, na upande wa mwanasheria na Issa umeachwa mwembamba kidogo, unatamani uwajue zaidi.

Kuhusu mwisho ntasema kwa tahadhari, kama hujaiona ruka hapa. Kuna watu wanalalamika kwamba muvi inakatika ghafla. Mi naona ndio mwisho pekee ambao ungekuwa wa kweli, maana muda wote wanapambana wanaosubiri na wenye haraka, na wenye haraka ndio wenye magari makubwa na sahihi za mawaziri. Hakuna bomu wala maiti, ila Hoffman anapiga kelele pale barabarani mpaka unaisikia kifuani.

Simu weka mbali ukiiangalia, hasa kwenye maongezi ya Bachmann na yule mama wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani (Robin Wright), pale Bachmann anapomuuliza haya yote ni ya nini na yule mama anamjibu kwa upole kabisa, ukiikosa hiyo mwisho hautakushtua.