Mkanda wa elfu sitini na tano na kanga ya bure: uzoefu wangu na siatiki

Mimi ni fundi cherehani, naishi Temeke. Kila nikisema niliugua siatiki, yaani maumivu ya neva (mshipa wa fahamu) inayotoka kiunoni kushuka mguuni, mtu wa kwanza ananiuliza mkanda wa kiuno nilinunua wapi. Mkanda upo kabatini, anayeutaka namwachia kwa nusu bei. Ila kwanza asome hapa.

Ilianza Desemba, msimu wa sare. Anayeshona anajua: shule zinafungua Januari na wazazi wa mtaa mzima wanakumbuka kaptula za watoto ndani ya wiki mbili. Nilikuwa nakaa kwenye stuli tangu saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, mguu wa kulia unakanyaga pedali. Siku moja nikainama kuokota jora la tetroni chini ya meza, nikageuka nalo kabla sijanyanyuka sawasawa. Kiuno kikashika. Nikasema kitaachia. Kesho yake maumivu yakahama, yakaingia kwenye tako, yakateremka nyuma ya paja, yakapita kwenye kigimbi mpaka kidole cha mwisho cha mguu. Nikipiga chafya nashika ukuta. Choo cha kuchuchumaa kikawa mtihani, na kwetu ndicho tulicho nacho.

Jirani akasema baridi imeingia kwenye mifupa. Mwingine akasema nimekanyaga kitu cha mtu. Mzee mmoja mchuaji akanilaza mkekani, akanikandamiza tako kwa kiwiko na mafuta ya nyonyo. Nililia, na usiku ule sikulala. Nikachomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, siku tatu mfululizo. Maumivu yalipoa kwa saa chache, halafu tumbo nalo likaanza kuwaka. Mwisho nikajilaza kitandani siku tisa nikidhani naupumzisha mgongo. Siku ya kumi miguu ilikuwa inatetemeka kama ya mtu aliyetoka kwenye malaria.

Hospitali nilikwenda na bahasha ya eksirei niliyopiga kwa pesa yangu, nikamkabidhi daktari kwa fahari. Akaiangalia kwenye mwanga, akasema mifupa yako haina neno, lakini diski na neva hazionekani humu. Akanilaza chali, akaunyanyua mguu wangu ukiwa umenyooka. Haukufika mbali nikapiga kelele. Akanisimamisha kwa ncha za vidole. Kushoto sawa. Kulia, kisigino kikagoma kuacha sakafu. Kisha akaniuliza swali lililonitia aibu mbele ya binti yangu: mkojo na haja kubwa unavizuia? Ukijipangusa unahisi? Nikajibu ndiyo. Akasema siku jibu likiwa hapana, au mguu ukizidi kulegea, usingoje kukuche, kwa sababu neva za chini zikibanwa zote hapo ni upasuaji wa haraka. Hilo nalirudia hapa kwa makusudi. Kama ndiyo hali yako, acha kunisoma uende.

Akanichorea kwenye karatasi: pingili ya mwisho ya kiuno, na mfupa unaoibeba chini yake. Kati yao kuna diski, nje imekaza na ndani laini, mfano wa kitumbua. Yangu imetokeza pembeni na kuukera mzizi mmoja wa neva ya siatiki, ndiyo maana kiuno ndicho kibovu lakini anayelia ni mguu. MRI, picha inayoonyesha hata diski na neva, alisema isubiri. Ni ghali, na watu wengi wasioumwa popote ukiwapima utakuta diski zao zimetokeza pia. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu.

Sasa nije kwenye vitu nilivyolipia.

Pregabalini, kidonge cha neva, nilikipata duka la dawa kwa ushauri wa mteja wangu, na hilo lilikuwa kosa langu. Mguu haukubadilika. Kichwa ndicho kilichobadilika: nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja, na sikuona mpaka mwenye shati alipolivaa. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wa Australia walikipima kwa wagonjwa wa siatiki, majibu yakatoka 2017, na hakikuwashinda waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ukiwa unakitumia usikiache ghafla, punguza kwa maelekezo ya daktari.

Mkanda niliununua Kariakoo, shilingi 65,000, wenye vyuma vinne mgongoni. Kwa joto la Dar, baada ya saa mbili unalowa, baada ya siku mbili una vipele. Ukikaa kwenye stuli unapanda mpaka mbavuni. Nilijisikia salama ndani yake, sikatai, lakini kila nilipouvua mguu ulikuwa palepale. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayowaelekeza madaktari tiba, wa 2016, unawaambia madaktari wasiwape wagonjwa wa mgongo na siatiki mikanda ya aina hii. Ningeusoma kabla ya Kariakoo ningenunua zipu za mwezi mzima. Nyota moja, nayo ni ya vyuma, vinaweza kutumika kwa kazi nyingine.

Fiziotherapia nilienda mara 8, shilingi 25,000 kila mara. Mara mbili za kwanza nilitaka kudai pesa yangu. Nililazwa, nikawashiwa taa ya joto, nikabandikwa vile vibandiko vya mashine ya umeme, na msaidizi akapotea dakika 20. Hakuna aliyenigusa wala kuniuliza kazi yangu ni nini. Nikalalamika mapokezi, kwa adabu lakini kwa sauti. Mara ya tatu wakanipa kijana mwingine. Akaniamkia, "Shikamoo mama," akavuta kiti akakaa, akaniambia nimwonyeshe ninavyoshona. Nikakaa pale nikakanyaga pedali ya hewani. Akacheka, nami nikacheka.

Kisha akanilaza kifudifudi. Dakika tatu kimya. Akaniambia niegemee viwiko. Baadaye niinue kifua kwa mikono huku kiuno kikibaki chini, mara 10. Kila baada ya mara chache anauliza, "Sasa hivi maumivu yako wapi?" Ya kwanza yalikuwa kwenye kidole. Ya pili kwenye kigimbi. Tulipomaliza kiuno kilikuwa kinauma kuliko nilivyokuja, lakini mguuni maumivu yalikuwa yameishia kwenye paja. Nikadhani ameniharibu. Akasema: "Mama, yakipanda kurudi kiunoni, hata kiuno kikiuma zaidi, ni habari njema. Yakishuka kwenda mguuni, acha hapohapo."

Sentensi hiyo ndiyo niliyoilipia laki mbili, na kwangu ilistahili. Tangu hapo sikuwa nauliza tena inauma kiasi gani, nilikuwa nauliza inaumia wapi. Kijana akanisimulia kwamba njia hii ilitokana na bahati: mwaka 1956 huko New Zealand mgonjwa wa mtaalamu wa fiziotherapia aitwaye Robin McKenzie alijilaza kifudifudi kwenye kitanda kilichoachwa kimeinuliwa upande wa kichwani, mgongo ukapinda kwa nyuma, na mguu uliomsumbua wiki tatu ukatulia. McKenzie aliporudi chumbani alishtuka kumkuta vile.

Kazi ya nyumbani ilikuwa mara 10 kila baada ya saa mbili. Dukani sina pa kulala ila meza ya kukatia. Basi nikawa nasogeza mkasi na chaki, napanda mezani, nafanya. Wateja walizoea. Kuna bibi harusi alikuja kupimwa akamkuta fundi amelala juu ya kitambaa chake, uso chini, akatoka nje kumwita dada yake waje kuniombea.

Ila msiige tu. Mzee wa duka la pili, naye miguu inamuuma, alifanya kama mimi akazidiwa. Yeye akisimama muda mrefu miguu inakufa ganzi, akiinama mbele anapata raha. Aliambiwa njia ya uti wa mgongo imekuwa nyembamba kwa umri, na mazoezi yake ni ya kujikunja, kinyume na yangu. Ndiyo maana nasema mtu akupime kwanza.

Kilichoushinda mkanda ni kanga. Unaikunja, unaiviringisha ngumu kama ngata, unaiweka kwenye uwazi wa kiuno ukiwa umekaa kwenye kiti chenye egemeo. Stuli nilimpa muuza chips. Cherehani nikaifungia mota, na simu inalia kila nusu saa ninyanyuke. Wateja wanadhani napigiwa na mikopo.

Mazoezi nilirudi taratibu, na bado nikakosea. Mimi ni mwanachama wa klabu ya jogging ya mtaani, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, fulana za njano na nyimbo za mchakamchaka. Februari nilianza kutembea dakika 10, asubuhi na jioni. Machi nikawa nakimbia nguzo moja ya umeme, natembea tatu. Aprili nikajiona nimepona, nikajitupa katikati ya kundi. Kukimbia hakukunidhuru. Kilichonidhuru ni baada ya mbio, kocha alipotupanga tuguse vidole vya miguu bila kukunja magoti, halafu tulale chali tujikunje mara 50. Nikaona aibu kubaki nimesimama. Jioni maumivu yalikuwa yamerudi kwenye kigimbi, na ilinichukua siku nne za meza ya kukatia kuyapandisha.

Siku hizi wakianza kujikunja mimi nalala kifudifudi pembeni. Mwanzoni walinicheka, sasa tuko watatu. Nimefika kilomita 5 bila kusimama, nikiwa nyuma kabisa na kina mama wabeba maji. Kisigino cha kulia sasa naweza kukinyanyua mara 18, cha kushoto 25.

Kidole cha mwisho bado kina ganzi. Kijana aliniambia hisia ndiyo hurudi mwisho, na inaweza isirudi yote. Juzi nilikanyaga pini dukani, nikaendelea kushona, nikaja kuiona nilipovua soksi.