Treni ya SGR na kiwanja cha "dakika tano"

Nilipanda treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, kutoka Dar es Salaam Jumamosi asubuhi kwa sababu ya tangazo la kiwanja kilichodaiwa kuwa "dakika tano kutoka stesheni", nikitaka kujua kama mtu anayefanya kazi Posta anaweza kuhamia nje ya jiji na kuitegemea reli.

Safari yenyewe ilinifurahisha sana. Tiketi ilikaguliwa pamoja na kitambulisho, mizigo ikapita kwenye mashine, na treni ikaondoka kwa saa iliyoandikwa. Tangu huduma ianze Juni 2024 wengi wameisifia kwa kuisogeza Morogoro karibu, kwa nauli ya shilingi 13,000 daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka ule, lakini mimi nilivutiwa zaidi na mwanzo wa safari, pale treni inapopita juu ya daraja refu na abiria kuyaona mapaa ya Ilala yakiwa chini yake, mabati yamebanana hata uchochoro hauonekani.

Nilishuka stesheni moja ya njiani, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba dakika tano zile ni za bodaboda. Nililipa shilingi 3,000 kupita njia ya mchanga katikati ya bikoni mpya za mipaka ya viwanja. Nilipomuuliza muuzaji soko, shule na stendi ya daladala vitakaa wapi, alinionesha mchoro kwenye simu: viwanja vitupu, vyote sawasawa. Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo jirani aliniambia, "Mwanangu, reli tumeipata, ila njia ya kuifikia tutaijua mvua ikinyesha."

SGR ni treni ya masafa marefu, tofauti na treni nyepesi ya mjini kama ile iliyoanza Addis Ababa mwaka 2015, ambayo vituo vyake viko karibu karibu. Kwa kuwa stesheni zetu ni chache, ardhi inayozunguka kila moja ina thamani kubwa kwa jiji zima, na ikishagawanywa kuwa viwanja vya nyumba mojamoja, kuirudisha ili kupata barabara, soko au nyumba za ghorofa kutahitaji fidia na miaka mingi ya mivutano. Tunajua kwamba inawezekana kupanga vizuri zaidi: Magomeni Kota, mradi wa nyumba uliozinduliwa 2022 karibu na njia ya mabasi ya mwendokasi, umezipa makazi kaya 644 kwenye majengo ya ghorofa, na mkazi wake anafika kituoni kwa miguu.

Treni naipa nyota tano, na nitaipanda tena. Kiwanja sijakilipia. Nimemwomba muuzaji mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa na halmashauri, unaoonesha upana wa barabara na maeneo ya huduma, na ninawashauri wanaovutiwa na matangazo kama haya wauombe kabla ya kutoa hata shilingi ya kianzio.