FlightConnections, tovuti ya ramani za safari za ndege: nilivyopata ndege ya Dar mpaka Mumbai isiyotua popote njiani

Naandika hii hasa kwa wanaosafiri na mzazi mgonjwa, mana mimi mwaka jana niliumia na sitaki mwenzangu apite nilikopita. Mama yangu ana miaka 71, magoti yamechoka na akikaa sana miguu inavimba mpaka viatu haviingii. Tukapata miadi ya hospitali Mumbai, nikaenda kwa wakala mmoja mjini, nikamwambia kaka, mimi bei sio shida sana, shida yangu mama asishuke shuke njiani. Akanijibu dada usiwe na wasi, hii ni moja kwa moja mpaka Mumbai. Nikalipa nikaondoka na furaha yangu.

Usiku wa kuamkia safari ndo nakaa kuisoma ile tiketi vizuri, naona mistari miwili, namba mbili za ndege, na katikati kuna kusubiri saa 6 kwenye eapoti ya huko Ghuba. Nikampigia, akasema sasa dada si moja kwa moja hiyo, tiketi ni moja na mabegi mnayakuta Mumbai. Na kwa lugha yao kweli ndo wanavyosema! Ila mama yangu alikaa saa 6 kwenye kiti cha chuma, tumefika Mumbai miguu imejaa, siku 2 za kwanza hatukufanya kipimo chochote tulikuwa tunasubiri uvimbe ushuke. Iliniuma sana.

Baada ya hapo ndo nikajua hili neno letu la moja kwa moja linabeba vitu vitatu tofauti na kila mtu anachukua cha kwake. Cha kwanza ni hicho cha wakala, tiketi moja na mabegi yanafika mwisho wa safari, ndege hata mbili au tatu. Cha pili ni namba moja ya ndege toka mwanzo hadi mwisho, lakini ndege yenyewe inatua sehemu, watu wanashuka wengine wanapanda. Cha tatu ndo nilichokuwa nataka mimi, inapaa hapa inatua kule basi. Kwenye mitandao ya tiketi hicho cha tatu kinaandikwa Nonstop, na cha pili mara nyingi kinaitwa Direct, kwa hiyo ukiona Direct usishangilie kwanza.

Haya sasa FlightConnections yenyewe. Ni tovuti, ipo na ya kwenye simu, unaandika jina la eapoti au herufi zake tatu, Dar ni DAR, Zanzibar ZNZ, Kilimanjaro JRO, Nairobi NBO, Mombasa MBA, inakuletea ramani na mistari inatoka hapo kwenda kila mji ambao kuna ndege inaenda bila kuunganisha. Yaani unaiona Dar imekaa pwani pale mistari inatawanyika, Addis Ababa, Nairobi, Kigali, Doha, Dubai, Istanbul, Johannesburg, na ule wa kwenda Mumbai nilivyouona niliita mama aje aangalie. Miaka yote nilijua India lazima upite Uarabuni, kumbe Air Tanzania wanaenda na Dreamliner, ile ndege kubwa ya Boeing, toka 2019, corona ikawasimamisha kisha wakarudi. Ukiugusa mji inakwambia shirika gani linaruka na siku zipi za wiki. Hapo kwenye siku ndo pana utamu wenyewe, ntarudi.

Kilichonifanya niipende ni kwamba haikuuzii kwanza. Mitandao mingi ya tiketi inaanza kukuuliza unaenda lini unarudi lini watu wangapi, alafu inakumwagia tiketi 200 na za juu kabisa ni zile za bei ndogo zenye vituo viwili. Hii inajibu swali la mtu ambae hajajua hata tarehe, kwamba kutoka hapa nilipo naweza kufika wapi bila kushuka. Ya bure ilinitosha, kuna ya kulipia yenye vichujio na kalenda zaidi, kwa mtu anaesafiri mara moja kwa mwaka sioni haja yake.

Ila usiitumie peke yake aisee. Ratiba za ndege zinabadilika kila msimu, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba ndo mashirika yanageuza ratiba dunia nzima, mstari uliouona Februari, ikifika Aprili unaweza usiwepo. Mimi nikishaona mstari naenda Google Flights, sehemu ya Google ya kutafuta ndege na bei, naweka DAR na ninakokwenda, kwenye kichujio cha vituo nachagua Nonstop, alafu nabonyeza tarehe naona siku gani zina bei na siku gani ni tupu. Ukiacha sehemu ya unakokwenda wazi nayo inakuletea ramani yenye bei juu, nzuri ukiwa na hela kidogo na hujali sana uende wapi. Baada ya hapo naingia tovuti ya shirika lenyewe, kama ile safari haipo pale basi kwangu haipo.

Mfano wa kile cha pili, namba moja ya ndege lakini inatua njiani, ili mnielewe. KLM, shirika la Uholanzi, wameleta ndege Dar miaka mingi kutoka Amsterdam, na safari nyingi zinatua Kilimanjaro kwanza watalii wanashuka, ndo inakuja Dar. Namba ya ndege moja, kiti chako kile kile, kwa kijana haina neno lolote, unakaa unasubiri mnapaa tena. Kwa mgonjwa ni kupaa mara mbili na kutua mara mbili, masikio yanauma mara mbili. Na usidhani utanunua kile kipande cha Kilimanjaro kuja Dar peke yake, shirika la nje haliruhusiwi kubeba abiria wa ndani ya nchi.

Kingine kilichonifungua macho ni Ethiopian kwenda Marekani. Addis iko juu zaidi ya mita 2,300, hewa nyepesi, ndege ikijaa mafuta ya kufika Washington na abiria wote inakuwa nzito mno kupaa, kwa hiyo kwenda inatua sehemu kuongeza mafuta, wakati kurudi toka Washington inaweza kuja bila kutua kwasababu kule iko chini karibu na usawa wa bahari. Kwa hiyo angalieni kwenda na kurudi kila kimoja peke yake, msione mstari mmoja mkadhani umefunga pande zote.

Kwa walio Tanzania wenye ndugu Marekani, kutoka kwetu hakuna ya kwenda huko bila kutua, eapoti yoyote ile. Ya karibu ni Nairobi, Kenya Airways walianza New York Oktoba 2018, kama saa 15 hewani. Nilimtafutia mama mdogo hiyo, safari ni ndefu sana lakini ana kisukari na alitaka abadilishe ndege mara moja tu, tena hapa karibu ambapo anaongea Kiswahili na wahudumu akaeleweka. Na wa Dar wanaoenda Ulaya msiisahau Zanzibar, boti ni kama saa 2 tu, na ramani ya ZNZ msimu wa watalii ina miji ambayo Dar haina kabisa, Frankfurt kwa mfano.

Sasa kuhakikisha kabla hujalipa. Mimi nahesabu masaa. Dar mpaka Mumbai ni kama saa 6 hewani hivi. India wako mbele yetu saa 2 na nusu, kwa hiyo tiketi ikionyesha umeondoka 10:00 umefika 18:30 usiogope ukasema hii saa 8 na nusu lazima imetua, toa ile tofauti unabaki na saa 6. Ikibaki saa 11 au 14 jua kuna mahali mnakaa. Alafu ukienda kwa wakala liache kabisa hilo neno moja kwa moja, muulize ndege inatua wapi na wapi kabla ya kufika, akutajie miji, na akuonyeshe kwenye skrini. Mie wakala wangu wa sasa namtumia skrini shoti ya ramani na namba ya ndege kabisa, ananiambia dada wewe unanirahisishia kazi.

Bei? Isiyotua mara nyingi iko juu, na mara ya pili, tulivyoenda Mumbai na hiyo isiyotua, tulilipa zaidi kuliko ile ya kwanza, silifichi. Lakini ile ya kwanza tulilipa siku 2 za hoteli bure na dawa za uvimbe, ukijumlisha tofauti inakuwa ndogo sana, na hiyo ya pili mama alifika akashuka mwenyewe kwa fimbo yake, kesho yake asubuhi tuko maabara.

Tovuti naipa nyota 4 na nusu, hiyo nusu nimeibakisha kwasababu ya lugha, ingekuwa na Kiswahili mama angeitumia mwenyewe.

Na zile siku nilizosema ntarudi. Ndege isiyotua haipo kila siku, sisi safari hii ya tatu miadi ilipangwa Jumatatu na ndege inayotufaa inafika katikati ya wiki, ingebidi twende kabla tukae hoteli siku 4 au turudi kwenye kuunganisha. Nikawaandikia hospitali nikawaeleza hali ya miguu ya mama, nikawatumia ratiba, nikaomba kliniki isogezwe ifuate siku ya ndege. Wamejibu jana, wamesogeza hadi Alhamisi.