Kozi ya kalkulasi mwaka wa kwanza: uzoefu wangu kuanzia autilaini mpaka UE

Nimeulizwa sana na wadogo zangu wanaosubiri kuingia chuo kuhusu hii kozi ya kalkulasi ya mwaka wa kwanza, eti ni kweli watu wanapigwa sapu (mtihani wa marudio) kama mvua, sasa naandika hapa mara moja nisirudie rudie. Jina la chuo sitaji ila ni hapa Dar. Mi naipa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyoinyima ina sababu yake, nitafika.

Kwanza mjue nilikotoka. Form six nilisoma PCB (fizikia, kemia, baiolojia) kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa BAM tu, ile hesabu ya msingi, wenzangu wa PCM waliosoma hesabu badala ya baiolojia walikuja na Advanced yao wanaintegreti huku wanapiga stori. Siku ya kwanza Dokta kaingia, hajaandika hata herufi moja ubaoni, kagawa kozi autilaini, yaani mpango wa kozi na sheria zake, ya kurasa tatu akasema leo tunasoma hii. Lisaa zima tunasoma sheria! Watu walichukia, wengine waliikunja wakaweka mfukoni na hawakuifungua tena. Mi niliibandika ukutani juu ya kitanda na nasema kwa moyo wote, ile karatasi ndo iliyonivusha.

Yenyewe ilikuwa hivi: kosiweki (alama za kazi za muhula) 40, UE (mtihani wa mwisho wa chuo) 60. Kwenye ile 40 kuna testi mbili za 15 na kwizi mbili za 5. Ukiwa chini ya 16 hukanyagi chumba cha UE, unarudia kozi mwakani. Mahudhurio asilimia 75, na mwenzako akikusainia mnafutiwa wote wawili. Maswali ya tutorio, vile vipindi vya mazoezi vya vikundi vidogo, unakusanya kabla ya kipindi, ukichelewa hata dakika tano hayapokelewi. Ukipata sapu, hata uitandike vipi, matokeo yako yanaishia C. Halafu kulikuwa na mstari mmoja watu wengi waliupita tu, kwamba kwa kila saa moja ya lekcha ujisomee saa mbili, na lekcha ni saa nne kwa wiki kwa hiyo nane ni za kwako wewe na kimbweta (benchi la nje la kujisomea). Nilidhani wanatutisha. Wiki ya tatu tulipoingia kwenye chen ruli, ile kanuni ya kudiferenshieti (kutafuta kasi ya badiliko) fomula iliyo ndani ya nyingine, ndo nikaanza kuzihesabu hizo saa kweli kweli.

Ila sheria kubwa kuliko zote ni hii: jibu bila njia ni sifuri. Na hawatanii. Testi one kulikuwa na swali la limiti, yaani thamani inayokaribiwa, ya sin 3x gawanya kwa x, x inapokaribia 0. Kuna jamaa wa PCM alinifundisha kanuni ya L'Hôpital usiku wake, unadiferenshieti juu unadiferenshieti chini, mstari mmoja umemaliza, jibu 3. Nikaiandika kwa raha zote. Karatasi inarudi, jibu ni sahihi na nimepata 0, pembeni wino mwekundu: "hatujafika huku". Nikaenda ofisini kwa Dokta nimekasirika kabisa, yule mama kanikalisha akaniuliza, ulijuaje kwamba sin ukiidiferenshieti inakuwa cos? Nikakaa kimya. Akaniambia ili uthibitishe hilo lazima kwanza uwe unajua limiti ya sin x gawanya kwa x ni 1, sasa wewe umetumia paa kushikilia msingi. Akanichorea duara na pembetatu zake, nikaielewa kitu ambacho sikuwahi kukielewa tangu form five. Hasira zote ziliishia palepale. Testi ile nilipata 6 kati ya 15 lakini nilitoka ofisini kwake nikiwa mtu mwingine.

Kwenye kalkuleta ni hivyo hivyo. Wanaruhusu isiyo ya kuprogramu, na wengi tunazo zile Casio fx-991ES ambazo zinakokotoa integrali (kinyume cha kudiferenshieti) zenyewe ukiweka mipaka. Testi two wakaleta integrali ya x mara e ya x kutoka 0 mpaka 1. Kalkuleta inakupa 1, hapo hapo, na kuna watu waliandika 1 wakahamia swali lingine. Sifuri. Inatakiwa ufanye bai patsi, njia ya kuintegreti vitu viwili vilivyozidishwa, upate x e ya x toa e ya x, uweke mipaka, ndo ile 1 itoke mbele ya macho ya Dokta. Na integrali isiyo na mipaka ukisahau ile C ya mwisho unakatwa nusu maksi kila mara, kwa sababu namba yoyote isiyobadilika ukiidiferenshieti inakuwa 0, kwa hiyo bila C umetoa jibu moja kati ya majibu yasiyo na idadi. Hiyo testi nilipata 11 na nusu.

Lekcha zenyewe sisifii sana, ukumbi umejaa, ukikaa nyuma unasikia nusu. Tutorio ndo darasa lenyewe. Mko kama 30, unaitwa ubaoni na chaki, na ukikwama hakuna anayekucheka maana na yeye zamu yake inakuja. Wanaotegemea desa (notsi na majibu ya kunakili) la miaka ya nyuma wanakwama hapo hapo ubaoni.

Sasa ile nyota. Siku ya kwizi ya kwanza nilikuwa na malaria, nimelazwa dispensari karibu na nyumbani Mbagala, nina chiti yenye muhuri. Autilaini inasema uwasilishe ndani ya saa 48, nikawahi, naambiwa chiti lazima igongwe na dispensari ya chuo. Nimekaa foleni huko siku mbili na homa yangu, nagongewa muhuri saa 48 zimeshapita. Nikapewa 0 kati ya 5. Dokta alinitetea lakini ofisi ilikataa. Hii kitu iliniuma na bado inaniuma, kwa sababu sheria zingine zote zina sababu ukiuliza unaelezwa, hii niliuliza hakuna aliyenijibu. Waibadilishe, mgonjwa ni mgonjwa hata akitibiwa mtaani kwao.

Kwizi ya pili nikapata 4, kosiweki ikafika 21 na nusu, UE nikafanya, matokeo yametoka B. Mdogo wangu anaingia mwaka huu na nimeshampa autilaini yangu pamoja na daftari la tutorio, na pale kwenye mstari wa chiti nimemwandikia kwa kalamu nyekundu apite dispensari ya chuo kwanza, hata kama anaumwa vipi, tutampeleka kwa bajaji.